Picha ya Kifua

Ketrina alitaka kwenda. Hilo lieleweke kwanza, maana baadaye watu walisimulia vingine, wakasema mkwe yule wa mzee Zebedayo alikuwa mkaidi tangu mwanzo na aliipenda kahawa kuliko mumewe. Si kweli. Kiangazi kile cha mwaka 1955, Jairo aliposhuka kwenye lori pale Mlowo akiwa na viatu vya ngozi na kofia pana ya Kizungu, wa kwanza kutaja habari ya kuondoka alikuwa Ketrina mwenyewe.

“Safari hii huniachi,” alisema, mikono yao haijaachana bado.

“Sikuja kukuacha, nimekuja kukuchukua.” Jairo alilitazama tumbo lake, ambalo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga. Alikuwa amekuja kwa likizo fupi wakati wa Pasaka, na mimba ilikuwa ya siku hizo. “Nimepewa nyumba ya wenye ndoa. Jumatatu tunapanda lori la Tunduma, tunavuka, na huyu atazaliwa hospitalini kama watoto wa wenzetu.”

Ketrina akajikuta analia mbele ya wanunuzi wa mahindi, wala hakuona haya.

Alikuwa na sababu. Mtoto wao wa kwanza hakuzaliwa nyumbani wala hospitalini. Uchungu ulimshika masika, mvua ikiwa haikatiki, na wanaume wa ukoo wakambeba kwa machela kumpeleka Mbozi Misheni kwa mkunga. Walipofika bondeni wakaukuta mto umefurika, daraja la magogo limechukuliwa na maji. Wakakaa ukingoni wakingojea maji yapungue. Mtoto alizaliwa pale chini ya turubai, wa kiume, akalia mara moja, akanyamaza. Maji yalipopungua hapakuwa na haja tena ya kuvuka. Jairo alikuwa chini ya ardhi siku hiyo, kwenye mgodi wa shaba huko Rodesia ya Kaskazini, na habari ilimfikia mwezi ulipokwisha kupita. Tangu hapo, kila aliporudi likizo, hakupenda kupita njia ya bondeni.

Safari ya kutoka Mlowo hadi nyumbani ilikuwa ya mguu. Jairo alilisukuma sanduku lake juu ya baiskeli ya kuazima, na kwenye kilima cha mwisho alisimama, akasogea tena, akasimama. Alisema viatu vinambana. Akakohoa ndani ya leso, akaikunja na kuirudisha mfukoni.

“Vumbi la njiani,” alisema.

Vumbi lilikuwapo kweli, jekundu, hata kwenye kope. Ketrina hakuwaza zaidi ya hapo.

*

Jioni ile ukoo ulikusanyika. Kwa desturi ya nyumba ile, mkwe hakai mbele ya baba mkwe, kwa hiyo Ketrina alibaki jikoni na mama mkwe wake, Ferista, akisonga ugali. Lakini ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo uliopasuka, na kila neno la nje liliingia.

Jairo alikuwa anasimulia. “Unabonyeza kitu ukutani, taa inawaka. Huchochei moto, humwagi mafuta. Maji yako bombani, hatua chache tu kutoka mlangoni. Asubuhi mkate wa ngano. Mtoto akizaliwa anapimwa uzito kila wiki, anapewa maziwa ya unga, na hulipi kitu. Mwanamke akishikwa na uchungu inakuja gari. Gari, baba, inasimama mlangoni!”

“Na nyumba ni ya nani?” Huyo alikuwa Roda, dada yake mkubwa Jairo. Roda aliwahi kuishi huko huko migodini na mumewe. Alirudi mjane.

“Ni ya mgodi, dada. Unajua.”

“Najua. Nataka na baba ajue.” Sauti ya Roda haikupanda. “Mume wangu aliangukiwa na mwamba. Hata matanga hatujamaliza, akaja karani wa komponi, ile mitaa yao ya wafanyakazi, akaniambia mwisho wa mwezi nyumba inatakiwa. Kuna mwingine mwenye mke anaingoja. Nilikuwa nimepaka kuta chokaa mwenyewe. Nikatoka na sufuria kichwani.”

“Hiyo ni bahati mbaya.”

“Na lile duka la nyama? Mwambie baba unavyonunua nyama.”

Roda hakumngoja, akasimulia mwenyewe. “Mzungu anaingia kwa mlango wa mbele, anaonyesha kidole, anakatiwa. Wewe unazunguka nyuma kwenye kidirisha. Unatoa mkono, unapewa kitu kimefungwa kwenye gazeti. Huchagui, huoni. Ukifika nyumbani ukafungua ni mifupa, basi ni mifupa. Ukitembea bila kitupa chako, ile karatasi yao ya pasi, mfukoni, unalala polisi.”

“Na hapa hakuna karani wa kodi?” Jairo alikuwa amekasirika sasa. “Hapa watu hawakimbilii porini akija? Dada, umesahau kwa sababu umerudi kwenye mihogo. Mimi nimekula mifupa ile, na mchuzi wake una mafuta kuliko nyama ya hapa ya Krismasi.”

Mzee Zebedayo, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kelele wakati wa chakula, akasema, “Jairo. Hapa una shamba. Miche ya kahawa niliyokupa imeanza kuzaa, mkeo ameitunza peke yake. Hakuna mtu atakayekuja mwisho wa mwezi kukutoa. Hapa unakosa nini?”

“Hapa kuna mto, baba.”

Jikoni, Ferista aliusimamisha mwiko katikati ya sufuria. Ketrina alitazama chini, na moyoni alimshukuru mumewe kwa kulisema.

*

Kesho yake Roda alimfuata kwenye vichanja vya kahawa. Walikuwa wanachambua punje zilizopasuka, bega kwa bega.

“Wifi,” alisema, “nimezungumza na mama Elina, yule wa kwaya. Nyumba yake iko misheni kabisa, ukiita kutoka uani mkunga anasikia. Yuko peke yake, chumba kipo. Mvua ikianza uhamie kwake, ukae mpaka ujifungue. Mto hautakuwa kati yako na mkunga.”

Ketrina aliendelea kuchambua. “Mume wangu amepata nyumba.”

“Amepata, ndiyo. Umemsikia anavyokohoa?”

“Ni vumbi.”

“Ni vumbi, sawa. La wapi?”

Hapo Ketrina aliacha kahawa. “Wifi, wewe mume wako alikufa kule. Mungu amrehemu. Lakini usinitakie na mimi.”

Roda alipangusa mikono kwenye nguo yake, taratibu, akaondoka kupitia katikati ya miche bila kugeuka.

Siku zilizobaki zilikuwa za namna hiyo. Ndani ya nyumba watu walipishana bila kusemeshana. Jairo alikaa kivulini na redio yake ya betri, iliyotoa sauti ya mawimbi zaidi ya maneno, na vijana walikuja kuisikiliza. Baba yake alipompa jembe asaidie kufukia shimo la mbolea, alifukia kidogo akaketi kwenye ukingo, akasema jua kali. Halikuwa kali. Ketrina aliona. Aliona pia kwamba leso alizifua mwenyewe, akazianika nyuma ya nyumba. Aliyaona hayo yote, ila aligeuza uso, kwa sababu mbele yake palikuwa na kitanda cha chuma chenye shuka jeupe, na gari linalosimama mlangoni, na mtoto anayelia bila kunyamaza.

Jumatatu waliaga. Mzee Zebedayo aliwaombea akiwa amesimama mbali, kofia mkononi. Ferista alimfungia mkwewe unga na karanga. Roda hakutokea.

*

Walifika Tunduma saa za mchana. Zamani zile Tunduma ilikuwa mstari wa maduka ya mabati, na kizuizi cha mti barabarani alichokiinua askari mmoja akiwa amekaa. Huku Tanganyika, kule Rodesia. Wanamwanga wa pande zote mbili walivuka kwa njia za mashambani kwenda msibani na kurudi bila kumwuliza mtu. Lakini lori la migodini lilipita barabarani. Lilikuwa linaingia upande huu kushusha watu na mizigo mbele ya duka kubwa la Mhindi, kisha linapakia waendao na kurudi kusini.

Siku hiyo lilikuwa limefika muda si mrefu. Utingo wake, kijana wa Kibemba, alikuwa juu ya mizigo akisalimu watu kwa lugha yake na kuita: “Mwapoleni mukwai, leteni masanduku, leteni!” Jairo akamrushia sanduku la bati. Akapandisha na redio, akiwa ameifunga kwenye blanketi. Alikuwa mchangamfu kuliko siku zote zile za nyumbani, na Ketrina naye alihisi tumbo limekuwa jepesi.

Ndipo mtu akaita, “Jairo!”

Sauti ilitoka chini, penye magunia ya chumvi. Mwanaume alikuwa ameegemea magunia hayo, koti lake kubwa limemning'inia mabegani kama si lake. Kando yake mwanamke alikuwa anapanga vyombo: sufuria, ndoo, kiti kimoja cha mbao kilichovunjika mguu.

Jairo alisita. Kisha akaenda, na Ketrina akamfuata.

“Osea,” alisema. “Ndugu yangu.”

“Na wewe wamekutoa?” Osea aliuliza. Kati ya maneno alivuta pumzi, na pumzi ilitoa mluzi. “Nilijua... nilijua watatutoa wote.”

“Nani kanitoa? Niko likizo. Huyu ni mke wangu, tunakwenda.”

Osea alimtazama Ketrina, akatazama tumbo, akatazama tena Jairo. “Hawajakupiga picha?”

“Pumzika kwanza, Osea. Umetoka mbali.”

Osea alitaka kusema zaidi, lakini kikohozi kilimshika, akainama, na mkewe akamshika mgongoni kwa mkono uliozoea. Jairo alisogea akasema anakwenda kutafuta maji. Hakukuwa na mtu aliyeomba maji.

Ketrina alichuchumaa karibu na yule mwanamke. “Mama, mimi ni Ketrina, wa Mbozi. Picha gani?”

“Jenista,” yule alijitaja. “Sisi ni wa Msangano.” Alimwangalia kwa mshangao. “Hajakwambia? Mgodini kuna mashine. Wanakuvua shati, wanakusimamisha kwenye ubao wa baridi, wanapiga picha ya ndani ya kifua. Wanaotoboa mwamba lazima wote wapigwe, kwa sababu ya lile vumbi la mawe. Likiingia halitoki. Wakiliona, kazi basi. Wanakupa chochote kile cha fidia, wanakupandisha lori.”

“Na mume wangu anatoboa mwamba?”

“Mume wangu na mume wako ni kundi moja. Wamekula vumbi moja miaka yote.” Jenista alishusha sauti. “Wiki ya picha ilipofika, Jairo aliomba ruhusa. Alisema anakwenda kumchukua mkewe, nyumba isije ikapewa mtu mwingine. Sisi tulijua anakwepa. Ila hatukusema. Kila mtu ana sababu yake.”

“Huyu wako,” Ketrina alisema, “ataendelea kuwa hivi, au atapona?”

Jenista alichukua kile kiti kilichovunjika akakisogeza mahali ambapo hakikuhitaji kusogezwa.

Kwa muda Ketrina alimchukia Osea. Alitamani lori lingechelewa njiani, au wao wangewahi, wapishane gizani huko mbele, asimjue mtu huyu wala pumzi zake. Ule wepesi wa tumbo ulikuwa umekwisha. Mtoto aligeuka ndani, akatulia.

Jairo alirudi na kikombe cha maji. Mkewe alikuwa amesimama, anamngoja.

“Kohoa,” alimwambia.

“Nini?”

“Kohoa hapa mbele yangu. Bila leso.”

Jairo alimtazama Jenista, kisha akamvuta Ketrina pembeni, nyuma ya gurudumu la lori. “Usinifanyie hivi barabarani.”

“Lini ungeniambia?”

“Ukishajifungua.” Alikuwa anasema haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeyapanga maneno haya siku nyingi. “Sikiliza. Najua nina vumbi. Nimejua tangu mwaka jana. Lakini sijalala kitandani, bado nashika mashine. Nikirudi nitakwepa tena mpaka mwezi wa kwanza. Wewe unazaa kwenye kitanda, na daktari, na damu ipo ya kuongezewa. Baadaye wanipige hata picha kumi. Wanitoe. Tutarudi watatu.”

“Na mpaka huo mwezi wa kwanza utakuwa unafanya nini?”

“Kazi yangu.”

“Kutoboa mwamba.”

“Ketrina, nilikuwa chini wewe ulipokuwa ukingoni mwa ule mto! Nilikuwa chini natoboa, sijui lolote, jioni nikala nikalala. Sitakaa tena namna hiyo. Mimi nimechagua, si wewe.”

“Ni kifua chako unachonilipia kitanda.”

“Ni changu. Nalipia ninachotaka.”

Dereva alipiga honi. Utingo akaita kutoka juu, “Mukwai, tunakwenda!” Watu walikuwa wanapanda, wakisukumana, mwanamke mmoja akipitisha mtoto juu ya vichwa.

Ketrina alitazama upande wa pili wa kizuizi. Barabara ilikuwa ile ile, vumbi lile lile. Alijua kwamba akipanda, pengine atalala kwenye shuka jeupe na kuamka mzima. Na kila asubuhi, kabla ya hapo, mumewe atashuka shimoni akavute kile kilichomfanya Osea asiweze kumaliza sentensi. Na mwisho wake nyumba ingeondoka na taa zake vilevile.

“Sipandi,” alisema.

“Utapanda.” Jairo alimshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. Hakuwahi kumshika hivyo.

Ketrina akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kwenye vumbi kando ya gurudumu, miguu imenyooka mbele. Watu waligeuka. Mtu mmoja akacheka, akasema, “Bwana, mke amegoma kama wachimbaji!” na wengine wakacheka naye. Jairo aliachia mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

“Nenda,” Ketrina alimwambia kutoka pale chini. “Nenda, ila siku ya kwanza simama kwenye ubao wao. Usikwepe. Wao ndio waliokujaza vumbi, waone, waandike, wakupe haki yako, urudi. Ukibaki tu hapa hutapata kitu. Ukishuka tena shimoni hutarudi.”

“Na wewe? Na mto?”

“Nitahamia misheni kwa mama Elina. Wifi Roda amekwisha nitafutia.”

“Roda,” alisema Jairo. Alilitamka jina la dada yake kama mtu aliyegundua mwizi. “Mlipanga.”

“Hatukupanga. Nilimkatalia. Sasa nakubali.”

Honi ililia tena. Jairo alipanda gurudumu, akatupa chini furushi la nguo za mkewe na ule unga wa Ferista, likapasuka upande. Hakumwangalia tena. Lori lilirudi nyuma, likageuka, askari akainua mti, na likapita. Ketrina aliiona kofia yake pana kati ya vichwa, halafu hakuiona.

Jenista alikuja akamsaidia kuzoa unga.

*

Aliporudi nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia kutoka Mlowo. Ferista hakumpokea mzigo. Mzee Zebedayo, akiwa uani, alizungumza na mkewe kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni: “Mwambie alichofanya ni kibaya. Kumwaibisha mume mbele za watu. Mwambie.” Akageuka aende zake, akarudi. “Mwambie pia ale.”

Ketrina alikwenda kwa Roda kabla ya kula. Alimkuta anapura maharage.

“Wifi, nilikukosea kwa maneno.”

Roda alimtazama miguuni, iliyokuwa imevimba. “Kaa,” alisema. “Kahawa itachambuliwa na wengine.”

Mvua zilipoanza alihamia misheni. Mama Elina alikuwa mwanamke wa maneno machache nje ya nyimbo, na nyumba yake ilikuwa na harufu ya sabuni na vitunguu. Kutoka dirishani Ketrina aliona paa la zahanati. Kila siku aliomba habari, kwa wafanyabiashara, kwa watu waliotoka mpakani, kwa waliokuja ibadani. Hakukuwa na neno kutoka kwa Jairo. Kisha mwanaume mmoja wa Mlowo, aliyerudi kwa ajili ya Krismasi, akasema alimwona. Alimwona wapi? Kwenye mstari wa zamu, kofia ya chuma kichwani, anangoja kushushwa shimoni.

Usiku na mchana wa wiki zile Ketrina alikuwa na hasira iliyomfanya asiweze kushona wala kulala. Alisali pia, lakini sala na hasira zilichanganyika, na hakujua ni ipi iliyofika mbinguni.

Uchungu ulikuja asubuhi ya mvua kubwa. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Mkunga, mama wa Kizungu aliyekuwa anajua Kinyiha kuliko Kiswahili, alifanya kazi kwa mikono yake mpaka jua likapita utosini, jasho likimdondoka kwenye miwani, huku mama Elina ameshika kichwa cha Ketrina na Roda amepiga magoti pembeni, anauma kanga yake. Ketrina alipiga kelele akimtukana Jairo kwa jina. Mtoto alitoka kimya. Alikuwa wa kike, mweusi wa bluu. Mkunga alimshika miguu, akamsugua mgongo, akampulizia mdomoni, akamsugua tena. Kisha mtoto akalia, na hakunyamaza mpaka jioni.

Baadaye, alipokwisha kunawa, mkunga aliwaambia wasije wakadhani mambo yalikuwa mepesi. Damu ilikuwa imetoka nyingi. Kama ingeendelea kidogo tu, yeye hakuwa na damu ya kumwongezea. Hospitali kubwa wanayo. Roda aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua hospitali zipi zinasemwa. Jioni hiyo hiyo mtu aliyetoka bondeni alisema mto umefurika tena, hakuna apitaye.

Walimwita mtoto Tulinagwe.

*

Jairo alirudi mvua zilipokwisha. Hakutembea kutoka Mlowo. Kijana alimpakia nyuma ya baiskeli, na kwenye kile kilima cha mwisho alishuka akakaa njiani mpaka wakaja kumbeba. Viatu vya ngozi vilikuwa miguuni, vimelegea.

Ketrina alimwosha, akamlisha uji, akampa mtoto amshike. Hakumwuliza kitu siku ile. Alimwuliza wakati nguvu zilipoanza kumrudia kidogo, wakiwa wamekaa kwenye jua la asubuhi.

“Nilikuambia usimame kwenye ubao siku ya kwanza.”

“Uliniambia.”

“Ukakubali.”

“Sikukubali. Ulisema wewe, mimi nikapanda lori.” Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kuendelea. “Nilifika, mnyapara akanishika mkono, akasema kazi inaningoja. Nyumba nilikuwa nimepewa tayari. Nikasema nitasimama wiki ijayo. Halafu ijayo. Nilikuwa nawasha taa jioni nakaa peke yangu, nikiwaza kwamba utabadili nia, nitakuona mlangoni na mzigo.” Alimtazama mtoto. “Siku moja nikaanguka kwenye ngazi. Wakanipeleka wakanipiga picha. Daktari aliwaita wenzake waje kuiona.”

“Walikupa haki yako?”

“Walinipa kitu. Karani alisema ningekuja mapema wangenitoa nikiwa na kifua cha kuniwezesha kulima.”

Ketrina alitaka kusema maneno mengi. Aliyaona yote yamepanga mstari. Badala yake alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akaenda kugeuza kahawa, na huko kwenye vichanja ndiko alikolia, kwa sababu alifikiri kwamba angepanda lile lori angemwona kila jioni, pengine angemlazimisha mwenyewe kwenda kwenye ubao ule. Jambo hilo hakumwambia mtu, isipokuwa Roda. Roda alimjibu kwamba pengine ni kweli, na pengine si kweli, na hakuna atakayejua.

Jairo aliishi mpaka Tulinagwe akaanza shule ya misheni. Hakushika jembe, lakini alijifunza kupogoa kahawa akiwa ameketi kwenye kigoda, akihamishwa kutoka mche hadi mche, na mzee Zebedayo alisema hakuna aliyepogoa vizuri kama yeye. Baba na mwana hawakuulizana tena hapa kuna nini na kule kuna nini. Siku nyingine, akiwa na nafuu, alimsimulia binti yake jinsi nyumba inavyojaa mwanga kwa kubonyeza ukutani, na mtoto aliuliza kwa nini hapa hawabonyezi, naye akacheka mpaka kikohozi kikamkataza. Alisema kule kulikuwa kuzuri. Ketrina alikuwepo, akapita na maji, hakumbishia.

Vijana wa vijiji vya jirani waliendelea kuondoka. Kabla ya kupanda lori wengi walipitia kwa Jairo, wakakaa kwenye magogo uani, wakamwomba awaambie ukweli. Aliwaambia habari ya mkate na ya kidirisha cha nyama, ya bomba na ya kitupa. Wakimwuliza basi waende au wasiende, alisema yeye hawezi kumjibia mtu.

“Ila mkipewa kazi ya kutoboa,” alisema, na hapo alinyanyua kidole ili wasimkatize, kwa sababu pumzi zake hazikutosha kurudia, “mwagieni mwamba maji kwanza. Mnyapara atawafokea kwamba mnapoteza muda. Mwagieni. Na picha ikija, simameni.”

Vijana waliitikia kwa vichwa, wakaahidi. Ketrina aliwafungia karanga za njiani, akawasindikiza mpaka barabarani.